Aphthona wa kahawia au mweusi: yupi wa kuachia malishoni?

Mbawakawa hawa wawili wana urefu wa milimita tatu hivi, na ukiwasogelea huruka kama viroboto. Wote walitolewa Ulaya wakapelekwa Marekani na Kanada kupambana na gugu Euphorbia esula, ndugu wa mnyaa wetu, lenye utomvu mweupe ambalo ng'ombe hulikwepa. Wakubwa hula majani, lakini kazi hasa hufanywa na mabuu yanayotafuna mizizi chini kwa chini.

Aphthona nigriscutis ni wa kahawia. Mtazame mgongoni, pale mabawa yanapoanzia: ana kidoti cheusi, nacho ndicho kilichompa jina. Yeye ni wa jua na kichanga, penye gugu lililotawanyika. A. lacertosa ni mweusi, miguu ya hudhurungi. Huvumilia udongo mzito zaidi, wenye unyevunyevu, na gugu lililosongamana halimtishi.

Mimi ningeanza na mweusi, maana hachagui sana. Kilimani penye mchanga mkavu, hapo nampa wa kahawia. Kivulini au penye kutwama maji, usihangaike na yeyote. Na subira iwepo: huzaana mara moja tu kwa mwaka.