Mtumbwi Duluti na makaburi ya Wapolandi Tengeru: nendeni, ila daini muda wenu

Jumamosi iliyopita tulimpeleka mama mkwe wangu, sote nyumbani tunamwita Bibi, ziara ya nusu siku: mtumbwi Ziwa Duluti, kisha makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Tulilipa shilingi 60,000 kwa kichwa, usafiri kutoka Ngarenaro, Arusha mjini, ukiwemo.

Ziwani sina neno. Duluti limekaa kwenye shimo la volkano na msitu umelizunguka, kwa hiyo ukishuka kile kijia tu, kelele za barabara ya Moshi zinakatika. Kijana wa kasia ni hodari. Alitupitisha taratibu chini ya miti iliyoinamia maji, akatuonyesha kenge juu ya gogo. Mimi nilidhani ni gome. Mlima Meru ulifunguka kama saa 2 asubuhi, ukajifunika tena, basi wahini. Kilichoniudhi ni jaketi la kujiokolea la mwanangu: klipu imekatika, wakataka kulifunga kwa kamba ya katani. Nilikataa asipande mpaka likaletwa lingine. Kagueni moja moja kabla hamjatoa hela.

Makaburi yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Muongozaji alitutengea dakika 20 na historia yenyewe hakuwa nayo, ikabidi Bibi atufundishe. Wapolandi hao, wengi wanawake na watoto, walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti kuanzia mwaka 1940, wakapelekwa Siberia kwenye theluji na kazi ngumu. Waliotoka huko walipitia Iran, na kuanzia 1942 karibu 5,000 wakaletwa hapa Tengeru. Bibi alikuwa mtoto. Anazikumbuka nyumba zao za duara zilizoezekwa nyasi, na mama yake akienda kuwauzia ndizi na mayai, bei wakielewana kwa vidole.

Alisimama kwenye kaburi moja fupi, la mtoto, akapangusa majani makavu kwa pindo la kanga. Akasema, "Huyu angekuwa na umri wangu." Muongozaji akatazama saa, akatuambia gari linasubiri.

Jamani, hiyo ndiyo ziara yenyewe! Watu wametoka kwenye barafu wakaja kuzikwa chini ya Meru, halafu mnatuharakisha? Nilimwambia aondoke na gari lake. Tukabaki na mzee anayetunza pale, akatusimulia zaidi ya saa nzima, kaburi kwa kaburi, bila kuchoka. Mkienda, muulizieni yeye kwanza, na mkimaliza mpeni cha mkononi.

Mtumbwi nawapa nyota 4, makaburini 2, na hizo 2 ni za kutufikisha tu. Kurudi tulipanda daladala, maana Bibi alitaka kupitia sokoni Tengeru achague mkungu wa ndizi mwenyewe.