Kifaa cha kusikia cha mama, baada ya miezi minne
Mama yangu ana miaka 74, ameuza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, tangu mimi mdogo. Mwaka jana alianza kujitenga; ukimuuliza hili anajibu lile. Majirani hapa Ujiji wakasema ni uzee, akili zinaondoka. Niliogopa sana. Kumbe masikio ndiyo yaliyochoka.

Kifaa tulinunua duka moja la vifaa tiba, Mwanga. Kinavaliwa nyuma ya sikio. Wiki ya kwanza kilipiga mluzi mpaka mama akakivua, akakifunga kwenye pindo la khanga. Muuzaji alikuwa ametupa kimpira cha sikioni bila kupima. Tuliporudi akabadilisha, mluzi ukaisha. Betri zake ni ndogo kama punje za dengu, vidole vya mama havizikamati. Mjukuu ndiye fundi wake.

Lakini sasa anabishana bei! Juzi alinirekebisha hesabu ya ndoo tatu za dagaa.

Sisemi kinatibu usahaulifu. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 inataja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kushughulikiwa, kutosikia vizuri kukiwamo. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023, wazee 977 kwa miaka 3, haukuona faida ya vifaa vya kusikia kwa akili za wote kwa ujumla. Ila kwa wale wenye hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Mama ana presha pia, nayo huongeza hatari hiyo, nikatoa hela.

Mkienda kununua, nendeni na mzee mwenyewe, akiwa ameshapimwa masikio hospitali.