Windows 10 inagoma kusasishwa kwenye laptopu ya mtumba? Tovuti hii ya bure ndiyo mwisho wa ubishi

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina utangulizi, tazameni skrini. Sasisho limeshuka lote, mashine imejizima, imewaka, imehesabu asilimia zake weee, halafu inatuambia imeshindwa kukamilisha na inarudisha mambo yalivyokuwa. Bando limekwenda na muda umekwenda. Na hapa chini kuna kitufe kizuri kabisa cha kujaribu tena. Usikibofye. Wewe uliyeruka dakika ya kwanza, nakurudia: usikibofye bado.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3, mtumba, ile ile mnayoikuta kila duka Kariakoo. Nimeichukua kwa laki nne na nusu. Sifa zake mnazijua, sitawasomea. Shikeni moja tu: prosesa yake ni i5-6300U, Intel ya kizazi cha sita, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukitoa chache za cha saba. Sasa wale vidole vinavyowasha kuandika "kaka weka tu Windows 11", tulieni, nakuja kwenu.

Ila bidhaa ya leo siyo laptopu. Ni tovuti. Inaitwa Microsoft Update Catalog, ghala la Microsoft lenye masasisho ya Windows kama mafaili ya kupakua, anwani yake ni catalog.update.microsoft.com, haina malipo, haitaki akaunti, na sura yake haijapigwa pasi tangu enzi za Windows XP. Zamani ilikuwa haifunguki mpaka uwe na Internet Explorer. Mwaka 2016 wakailegeza, sasa kivinjari chochote kinaingia, hata cha kwenye simu. Naipenda hii tovuti, sitaficha, na leo nitaisifia mpaka mchoke.

Kabla hatujaingia, angalia saa. Saa ya kompyuta, hapo kona ya chini kulia. Nimeiacha makusudi kama ilivyotoka dukani, soma: Januari 2016. Muuzaji alinifungia vizuri, akafuta na vumbi, betri ndogo ya saa imekufa na hakuna aliyejali. Ukiizima mashine na kuchomoa chaji, tarehe inarudi nyuma miaka. Sasa tarehe ikiwa imepotea, kompyuta inakagua cheti cha usalama cha seva, inaona cheti kimetolewa siku ambayo bado haijafika, inakataa kuongea nayo. Hapo ndipo ile namba ya kosa 0x80072F8F inapotoka. Watu wanafomati mashine nzima kwa sababu ya hii namba! Na dalili unayo mbele ya macho: hata kivinjari kinalalamika kwamba muunganisho si salama, kila tovuti, mpaka ya gazeti. Rekebisha tarehe, kisha kamtafute fundi abadilishe betri. Mashine nyingi zinatumia CR2032 ya volti 3, zipo mpaka kwenye maduka ya saa. Nyingine zina betri yenye waya na plagi yake, kwa hiyo fungua uone kwanza ndipo ununue.

Saa tumeiweka sawa. Sasa tuingie kwa mpenzi wangu.

Kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Kidirisha hiki kinakwambia una toleo gani. Mimi inasoma 22H2, ndilo toleo la mwisho la Windows 10. Kama yako inasoma 1909 au 20H2, unachotafuta ni kingine, tutaongea siku nyingine. Halafu fungua Mipangilio, nenda sehemu ya masasisho, fungua historia. Unaona limeandikwa KB na tarakimu saba? Hilo ndilo jina la sasisho lililokwama. Langu ni KB5066791, la tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ndiyo Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma, kwa hiyo hili ndilo la mwisho la bure kwa kila mtu. Ukinunua mashine kama hii leo, angalau ifike hapa.

Naenda kwenye Katalogi, juu kulia kuna kisanduku cha kutafuta, naandika KB5066791. Imeleta jedwali. Tulieni hapa, msikimbie, maana hapa ndipo watu wanapochukua kitu si chao halafu wanarudi kunitukana. Kuna mstari wa x86, hiyo ni biti 32, siyo yako. Kuna ARM64, hiyo ni ya prosesa za aina nyingine, siyo yako. Kuna 21H2, siyo yako. Wewe unataka wenye 22H2 na x64, yaani biti 64, kwa pamoja. Upande wa kulia umeandikwa ukubwa, mamia ya megabaiti, kwa hiyo unajua kabisa unanunua bando la kiasi gani. Umewahi kuambiwa hivyo na Windows Update yenyewe? Yule anakuonesha asilimia tu, asilimia ya nini hakwambii.

Nabofya kitufe cha kupakua. Kinachomoza kidirisha kidogo. Kisipochomoza, kivinjari chako kimekizuia, kiruhusu. Ndani kuna linki moja ndefu ya bluu, naibofya, na faili linaanza kushuka: windows10.0-kb5066791-x64, kisha mstari wa herufi na tarakimu kama mtoto amekanyaga kibodi, mwisho .msu. Msilibadilishe jina, liacheni.

Na utamu wenyewe ni huu. Hili ni faili. Likikatika unaendelea nalo ukiwa na programu ya kupakua. Unalipakua usiku kwa bando la usiku. Unaliweka kwenye flashi, unalipeleka ofisini, kwa shemeji, kwenye maabara ya shule yenye kompyuta tele, na umelipa bando mara moja. Nyie mnaosasisha kwa hotspoti ya simu mnanielewa. Tena masasisho haya ya kila mwezi yanajumuisha yaliyotangulia, kwa hiyo huhangaiki kutafuta la Machi, la Aprili, la Mei. La mwisho linabeba yote.

Nabofya mara mbili. Inatafuta kwanza... hapa inachukua muda, hasa kama bado una diski ya kuzunguka, jamani wekeni SSD... haya, inauliza kama nisakinishe. Ndiyo. Chaji iko kwenye umeme, hilo siyo la kujadili. Ikikwambia sasisho halihusiani na kompyuta yako, maana yake ni moja kati ya mawili: umechukua mstari usio wako, au lilishaingia. Rudi winver ukatazame.

Wakati inakwenda, habari za chaneli. Video sasa zitakuwa Alhamisi, siyo Jumanne. Na ile video ya printa mnayonidai ipo, imekwama kwenye kuhaririwa, msinikumbushe tena.

Imemaliza, inataka kuwashwa upya. Twende. Mnaona, hii imepita! Na kupita kwake kumetupa jibu. Faili likiingia kwa mkono, ujue Windows yako ni nzima, tatizo lilikuwa kwenye kushusha, hata kama lilionekana kushuka lote: mtandao, saa, au folda ya SoftwareDistribution, Windows inakohifadhi masasisho iliyoshusha, imejaa mabaki mabovu. Faili likigoma hata kwa mkono, basi acha kulaumu mtandao, ugonjwa uko ndani. Ushauri wa mtaani unakwambia uanze kwa kufuta SoftwareDistribution. Siyo kosa, lakini ukiifuta, kila kilichoshushwa kinaanza upya toka sifuri. Kwa bando la nani?

Tuseme limegoma. Soma namba. 0x80070070 ni diski imejaa, basi. Acha nafasi, mimi napenda gigabaiti 20 na zaidi, futa mabaki ya Windows ya zamani kwa Disk Cleanup. Zinazoanza na 0xC1900101 mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, kwa hiyo chomoa kila kitu cha USB, na kama una antivirasi ya nje iondoe kwa muda. Na 0x80070643, hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Hiyo 643 ukiitoa kwenye heksadesimali unapata 1603, na 1603 maana yake usakinishaji umeshindikana. Yaani nakuuliza kwa nini umeshindikana, unanijibu umeshindikana!

Wakongwe mnaikumbuka Januari 2024, sasisho KB5034441. Lilikuja kuziba tundu la usalama kwenye BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, likawa linagoma kwenye kompyuta nyingi duniani kwa namba hiyo hiyo. Kisa? Partisheni ya urejeshi, kile kipande cha diski cha kuokolea Windows ikiharibika, ilikuwa ndogo, ilihitaji megabaiti 250 za ziada. Microsoft wenyewe walikiri kwamba ujumbe ule si sahihi, ulitakiwa useme nafasi haitoshi. Watu wa kawaida wakaambiwa wafungue diskpart, programu ya kugawa diski kwa amri, wakate diski kwa mkono. Mama yangu akate diski kwa mkono? Agosti ile ndipo likaletwa KB5042320 badala yake, na lile la mwanzo likastaafishwa.

Kama namba haikwambii kitu, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hiyo inakarabati faili za Windows yenyewe. Ikifika asilimia 62.3 itasimama. Itasimama kweli, utadhani imekufa. Iache, nenda kanywe chai. Ikimaliza andika sfc /scannow, inayokagua faili za mfumo, washa upya, rudia faili lako la msu. Angalizo kwa wa bando: hiyo DISM inaweza kuchota faili mtandaoni.

Sasa nyie wa Windows 11. Ndiyo, Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia Windows, inaruka ukaguzi wa TPM, ile chipu ya usalama, na wa prosesa, na kwenye mashine hii inaingia. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi utalisakinisha mwenyewe. Umekimbia tatizo ukalikuta limehamia chumba cha pili. Kwa mashine ya kazi, mimi siweki.

Njia nyingine ni ESU, masasisho ya usalama ya ziada, kwa mtu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026. Dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Lazima uwe 22H2. Malipo moja yanabeba mpaka kompyuta 10 za akaunti hiyo hiyo. Dola 30 kwa mashine ya laki nne na nusu mimi naona ni nyingi, ila mkigawana familia nzima siyo mbaya. Hata ya bure siyo bure sana, unalipa kwa kufungua akaunti. Na msidhani Katalogi itawavusha hapo: ya ESU utaona yapo na utayapakua, lakini bila kujiandikisha hayaingii.

Kwa anayetumia kivinjari na kuandika barua tu, Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kwenye hii 840 G3 inakwenda vizuri sana na haikuulizi TPM. Lakini mhasibu mwenye programu yake ya Windows hawezi kuhama kwa sababu mimi nimefurahi.

Wenye kukwama, niandikieni chini hapo vitu vitatu: namba ya KB, namba ya kosa, na winver inasoma nini. Kwa maandishi, tafadhali. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na mwanga wa taa umeziba namba sitaijibu.