Drepu ya kupimia damu leba: inunuliwe, lakini isinunuliwe peke yake

Kukadiria kwa macho damu inayomtoka mama baada ya kujifungua ni desturi ya zamani ya leba, yaani wodi ya kujifungulia. Mkunga hutazama leso iliyolowa, pedi, gozi zilizo kwenye beseni na dimbwi lililo sakafuni, kisha huandika kwenye faili "mililita 200". Macho hudanganya, na hudanganya kuelekea upande mmoja: damu ikiwa nyingi, huonekana kidogo. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha makadirio ya macho na drepu yenye vipimo (shuka la plastiki lenye mfuko wa kukusanyia damu), ukakuta macho yanapunguza kwa takriban asilimia 33. Mama aliyepoteza mililita 600 huandikiwa 400 na kuonekana salama, wakati yuko ndani ya hatari tayari.

Drepu inayotathminiwa hapa ni ile ya plastiki angavu, ya kutumiwa mara moja. Sehemu yake ya juu ni bapa na hulazwa chini ya makalio. Ina kamba mbili za kufunga kiunoni. Sehemu ya chini husinyaa kuwa mfuko unaoning'inia nje ya ukingo wa kitanda. Kwenye mfuko huo kumechapwa vipimo vya mililita, na mistari miwili inayobeba kazi yote: 500, ambako matibabu huanza kwa kila mama, na 300, ambako huanza kwa mama mwenye dalili mbaya.

Sababu ya kuiamini ni jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa Mei 2023. Hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida walihesabiwa. Katika hospitali zilizopewa drepu yenye mistari pamoja na kifurushi cha matibabu (dawa na hatua za kuzuia damu zinazotolewa kwa pamoja), kuvuja kwa lita 1 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kifo cha kuvuja damu kulitokea kwa asilimia 1.6 ya akina mama. Kwingine ilikuwa asilimia 4.3. Tofauti hiyo ilitokana hasa na kupungua kwa uvujaji mkubwa. Vifo vilikuwa vichache mno pande zote mbili kiasi cha kutothibitisha chochote kwa peke yake. Anayekuuzia drepu kwa kudai imethibitishwa kukata vifo vya akina mama kwa zaidi ya nusu amekwenda mbali kuliko ushahidi.

Kuna jambo moja katika jaribio hilo ambalo wanunuzi wengi hulikosa, nami naliona ndilo kubwa. Hospitali za kulinganishwa nazo zilikuwa na drepu. Plastiki ile ile, ila isiyo na vipimo. Huko, uvujaji uligunduliwa kwa takriban nusu tu ya akina mama waliokuwa wakivuja, na kifurushi cha matibabu kilitolewa kwa mmoja kati ya watano. Penye mistari na kifurushi, uvujaji uligunduliwa kwa asilimia 93 na matibabu yakatolewa kwa asilimia 91. Kwa hiyo usilipie plastiki. Lipia mistari, na lipia dawa zinazosubiri mstari ufikiwe.

Kabla ya kupokea katoni kutoka kwa msambazaji, fungua drepu moja uijaribu. Pima nusu lita ya maji kwa jagi la vipimo unaloliamini, imimine, ining'inize kama itakavyoning'inia kitandani, usome. Ikiwa maji yamepita au hayajafika mstari wa 500 kwa umbali unaoonekana, irudishe. Iache robo saa uangalie kama mshono wa chini unatoa jasho. Vuta kamba kwa nguvu, kwani zile zilizogundishwa vibaya hukatika mama anapojigeuza. Vipimo visiishie 500: damu ikishafika hapo bado daktari anahitaji kujua kama ni 700 au lita 1.2. Na plastiki ya ukungu ikataliwe, maana usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu stima ikipotea, hutaona kitu.

Matumizi yenyewe hayana ugumu, lakini yana mpangilio. Drepu huwekwa mara tu mtoto anapotoka, kabla ya kondo la nyuma. Ukiiweka mapema, maji ya uzazi yatajaa humo na kipimo hakitakuwa na maana. Ikiwa yameingia, yamwage kwanza ndipo uanze kuhesabu. Msaidizi humwinua mama makalio, sehemu bapa inasukumwa hadi ifike chini ya kiuno, kamba zinafungwa, mfuko unashushwa nje ya ukingo. Mtoto hubaki kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kunyonya ndani ya saa ya kwanza kunaendelea kama kawaida. Drepu haizuii hilo hata kidogo, na asiwepo mtu wa kumtenga mtoto eti mama anapimwa. Kitovu hukatwa baada ya dakika 1 hadi 3 mtoto akiwa hana tatizo la kupumua, na ule upande wa kondo ubaki umebanwa: ukiachwa wazi, damu ya kondo hutiririka mfukoni na kuonekana kana kwamba mama ndiye anayevuja.

Kisha kila dakika 15, kwa saa nzima, vinaandikwa vitu vinne: mililita, mapigo ya moyo, presha, na ugumu wa mji wa mimba unapoguswa. Damu ikiwa bado inatiririka baada ya saa moja, drepu inabaki hadi saa mbili.

Mstari wa 300 ndio unaostahili kuzungumziwa sana ukanda huu wa Ziwa Victoria, Kenya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2025 unasema usisubiri 500 ikiwa damu imefika 300 na kuna dalili moja mbaya: mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, au namba yake ya chini ikiwa chini ya 60. Kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria zina malaria ya kudumu, na malaria ya ujauzito hula damu ya mama miezi kadhaa kabla ya leba. Mama aliyeingia na himoglobini ya 8, yaani mwenye upungufu wa damu, hana akiba ya kupoteza nusu lita. Kwake, mililita 300 zinaweza kuwa ndizo zinazomwangusha. Wodi ya Kisumu, Siaya au Busia inayoisoma drepu kama yenye mstari mmoja tu wa 500 imenunua nusu ya kifaa.

Makosa ya kila siku yanafahamika. La kwanza ni mkojo: kibofu kisipokuwa tupu, mama hujikojolea mfukoni na kipimo kinapanda, na vilevile kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kujikaza. La pili ni drepu isiyosukumwa vya kutosha, damu ikapita nyuma mgongoni na kuishia kwenye leso huku mfuko ukisoma 100. Pitisha mkono chini ya mgongo wa mama kila unaposoma. Mabonge ya damu nayo hukwama shingoni mwa mfuko. Yasukume chini kwa nje. Gozi na pedi zilizolowa hazimo kwenye kipimo, hivyo zipimwe kwa mizani, utoe uzito wa zikiwa kavu, na kila gramu 1 ihesabiwe kuwa mililita 1. Kosa linaloniuma zaidi ni la kuiondoa baada ya dakika 20 kwa sababu kitanda kinahitajika. Uvujaji wa polepole haupigi kelele, na ndio drepu iliundwa kuukamata.

Kuiosha ili itumiwe na mwingine ni hatari isiyo na mjadala. Ikiwa bajeti haitoshi, chukua kipimo cha mizani kwa kila kitu kilicholowa. Ni cha polepole lakini ni halali.

Sasa kuhusu sanduku la dawa na vifaa vya kuzuia damu, lile linalopaswa kununuliwa pamoja na drepu. Ukinunua drepu 500 bila kulipanga, pesa zimepotea. Liwe ndani ya leba, si stoo, na lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani. Ndani kuwe na kanula kubwa za mshipani (namba 16 au 18), seti za dripu, chupa za maji ya chumvi, ampuli mbili za asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) za miligramu 500, vidonge vinne vya misoprostoli (dawa ya kukaza mji wa mimba) vya mikrogramu 200, mpira wa mkojo, glovu ndefu, vifaa vya kushonea. Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, ikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na sandukuni kuwe na karatasi inayoonyesha iko friji gani. Oksitosini iliyoachwa juu ya meza ya dawa katika joto la Kisumu au Ahero hupungua nguvu bila kubadilika rangi.

Mstari ukifikiwa, yote hufanywa pamoja, si moja baada ya jingine kwa kusubiri matokeo. Kanda mji wa mimba hadi ukaze, au kwa dakika 1. Oksitosini yuniti 10 kwenye dripu ya mililita 200 hadi 500, iingie kwa dakika 10, kisha yuniti 20 katika lita 1 kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10: ampuli mbili ni mililita 10, yaani mililita 1 kwa dakika, na haraka kuliko hapo presha inaweza kushuka. Dawa hiyo ina thamani ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Huku hayo yakiendelea, mwingine anakagua kama kondo limetoka zima, kama uke au mlango wa kizazi umechanika, kama kibofu kitupu. Mji wa mimba ukiwa mgumu kama ngumi na damu bado inakuja, tafuta mchaniko. Kukanda zaidi hakutasaidia.

Kwa hospitali za ngazi ya 4 na 5, pendekezo langu ni kununua bila kusita. Zahanati na vituo vidogo vinahitaji kufikiri zaidi, kwa kuwa jaribio lilifanyika katika hospitali zenye uwezo wa kupasua. Hata hivyo, kituo cha Kuresoi au kisiwa cha Mfangano kinafaidika kwa sababu nyingine: kugundua mapema humwachia mama muda zaidi wa kufikishwa hospitali, na muda ndio kitu ambacho barabara mbovu na maji ya ziwa huchukua. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, drepu hii si kipimo. Huko hutumika chupa ya mashine ya kunyonya na mizani.

Familia inayochagua mahali pa kujifungulia inaweza kuuliza swali moja kliniki: damu hupimwa kwa kifaa gani hapa, na dawa za kuizuia ziko wapi usiku? Muuguzi anayejibu mara moja, akionyesha kwa kidole, anafanya kazi mahali palipojipanga.

Mama akihamishwa, asivuliwe drepu kwa ajili ya usafi wa ambulensi. Barua ya rufaa iandikwe mililita zilizosomwa na saa ya kusomwa, oksitosini kiasi gani, na saa kamili ambayo asidi ya traneksamiki ilianza kuingia. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, dozi ya pili huhesabiwa kutoka hapo, na anayempokea hawezi kuikisia.