Kokoto za njia ya gari nyumbani: usinunue tripu, pima bodi kwanza (Kigoma)

Tripu moja ya kokoto ni kiasi gani? Ndugu mtazamaji, niandikie jibu hapo chini kabla sijaendelea. Mimi wiki hii nimewauliza madereva wanne hapa mjini, na kila mmoja kaninyooshea kidole gari lake: "Tripu ndiyo hii hapa, kaka." Magari manne, ukubwa nne, neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi, na leo futi kamba ninayo mkononi.

Karibuni tena. Tuko Gungu, nyumbani, na huu mteremko nyuma yangu ndiyo njia ya gari, kutoka getini mpaka barazani. Udongo mwekundu mnauona. Mvua zetu zikishaanza Oktoba, mpaka Mei ni utelezi, tairi zinazunguka palepale na gari linalala nje. Mwaka jana nilinunua tripu mbili kwa macho. Zikaishia pale kwenye mwembe, nusu ya njia, na hela imeisha. Mke wangu mpaka leo mvua ikinyesha anapanda na viatu mkononi.

Sasa kokoto zenyewe. Hizi ni za mashine, robo tatu ya inchi. Ukubwa mnaujua, sipotezi muda hapo. Nataka muone pembe. Mdogo wangu, sogeza kamera. Karai la kulia nimeweka za mashine, la kushoto vijiwe vya ufukweni, vile vya mviringo ambavyo ziwa limevisugua miaka na miaka. Nakanyaga kushoto: mnaona kisigino kinavyozama? Vinakimbiana, vinaruka nje ya karai. Nakanyaga kulia. Sikilizeni. Umesikia "krrr" moja tu, halafu kimya. Zimeshikana, nimesimama. Ukishuka stesheni pale chini, angalia tuta la reli. Reli ilifika Kigoma 1914, na mawe yanayobeba mataruma ni ya kupasuliwa, yana pembe kama haya. Nazipenda sana hizi kokoto, sifichi.

Na za kugonga kwa nyundo? Nimeulizwa sana. Zina pembe pia, zinafaa, na kina mama wanaozigonga juani wanastahili hela yao. Tatizo ni saizi kuchanganyika, kwa hiyo zichekeche kwanza. Ukinunua kwa ndoo za lita 20, ndoo 50 zilizojaa usawa wa mdomo ndizo kubiki moja, yaani mita moja ya ujazo. Zidisha bei ya ndoo mara 50, ndipo uilinganishe na ya gari.

Haya, hesabu. Njia yangu ina urefu wa mita 22, upana mita 3. Unene nataka sentimita 10. Hapa ndipo watu wanapopotea: sentimita 10 kwenye hesabu hii ni 0.1, usiandike 10. 22 mara 3 ni 66. Mara 0.1 ni kubiki 6.6. Usikimbilie kununua 6.6! Kokoto zikimwagwa zina hewa ndani, gari likizipita zinajipanga na kushuka, na nyingine zinazama kwenye udongo. Mimi naongeza asilimia 20. Inakuja 7.92, sema kubiki 8. Andika 8 kwenye karatasi, ibandike getini, dereva yeyote akija hiyo ndiyo lugha yenu.

Gari la kwanza hili hapa, limefika asubuhi. Bei 240,000 mpaka getini. Nimeomba ruhusa ya dereva, napanda. Futi kamba unaiweka ndani ya bodi, jamani, ndani! Ukipima nje unajihesabia na unene wa mbao na chuma. Urefu mita 3. Upana, ngoja, shika huku, mita 1.7. Kimo cha ubavu sentimita 60. Zidisha: 3.06. Kwa hiyo gari hili likijaa mpaka usawa wa ubavu ni kubiki tatu na punje chache.

Lakini je, limejaa? Ukiwa chini unaona kichuguu kizuri katikati, moyo unatulia. Njoo na kamera huku juu. Unaona kona? Hii tupu, na hii. Kichuguu kinakuja kuonekana barabarani, kona hakuna anayeziona. Mpe kijana beleshi asawazishe. Tunasubiri... Haya, limekuwa sawa. Kutoka kokoto mpaka ukingo wa ubavu kuna sentimita 10. Kumbe kimo ni 50, na 3 mara 1.7 mara 0.5 ni kubiki 2.55. Gawa 240,000 kwa 2.55: unalipa zaidi ya 94,000 kwa kubiki moja. Mimi ninayetaka 8 nitahitaji safari nne! 960,000.

Nilipoanza kurekodi nilikuwa nimekasirika, nilitaka kusema huu ni wizi. Nikimwangalia huyu kijana, hapana. Gari lake dogo, bei kaitaja wazi, na kiasi hakuna aliyemuuliza. Nimemwambia arudi ajaze mpaka juu, amekubali bila ugomvi. Ila hata likijaa, kubiki 8 ni safari tatu, 720,000.

Gari la pili linakuja sasa hivi, bei 280,000. Wengi tungelikataa kwa hiyo 40,000 ya juu. Subirini.

Wakati linapanda, jambo moja la uzito. Kubiki moja ya kokoto ni kama tani moja na nusu. Mtu akikuambia kagari kake ka tani tatu kamebeba kubiki tano, hizo ni tani saba na nusu. Chasisi ingekuwa imelala chini.

Na pavingi, zile tofali za zege za kupanga chini? Najua mtaandika. Nzuri, safi, hazina vumbi. Lakini zinauzwa kwa mita za mraba, yangu ni 66, halafu kuna mchanga wa kulazia, kingo na fundi. Kwa mfuko wangu sasa hivi, kokoto. Na kwenye mteremko huu lazima nipange mawe pembeni na kukata mifereji ya kukinga maji, bila hivyo mvua ya Novemba itazipeleka kwa jirani. Chini nimeshashindilia moramu, ule udongo wa changarawe, hiyo ina video yake Jumapili. Jumapili, siyo Ijumaa tena, tumebadilisha siku. Bonyeza kengele.

Limefika. Shikamoo mzee. Naomba nipande kidogo nipime... Amesema pima tu. Urefu 3.5. Upana 2. Kimo sentimita 60, na kona, angalieni kona, zimejaa mpaka usawa! Kubiki 4.2. Gawa 280,000 kwa 4.2: 66,667 kwa kubiki. Safari mbili ni kubiki 8.4, nimevuka 8 yangu, kwa 560,000. Dhidi ya 720,000 ya lile la "bei rahisi", nimebakiza 160,000, na hiyo ndiyo hela ya mawe ya pembeni.

Mzee, rudi nyuma taratibu, anzia juu barazani ushuke hivi. Watoto, tokeni hapo. Haya, inua bodi.