Mwaka mmoja na Commodore 64: uzoefu wangu

Kabla ya kuinunua kompyuta hii ya zamani nilikuwa nimeshaisoma sana. Nilijua ilitoka mwaka 1982, ikaanza kuuzwa Marekani kwa dola 595, na mamilioni ya watu wakaiingiza nyumbani kwao. Lakini kusoma ni kitu kimoja, kuiwasha ni kingine. Unabonyeza swichi, na baada ya sekunde chache skrini ni ya bluu, mistari miwili mitatu ya maandishi, neno READY, na chini yake kisanduku kinachowaka na kuzima. Hakuna menyu, hakuna picha ya kubofya. Uko tayari ndani ya BASIC, lugha ya kuandikia programu, na mashine inangoja uandike.

Unayetaka kununua, hili ulijue kwanza: usiichomeke kwenye umeme kabla hujapima adapta yake. Adapta ya asili hutoa umeme wa aina mbili, volti 5 za mkondo mnyoofu (DC) na volti 9 za mkondo geu (AC). Nyingi zimejazwa gundi iliyoganda kama jiwe, kwa hiyo joto halina pa kutokea na kuzifungua ili zitengenezwe ni kazi ngumu. Ubaya wake ni kwamba ikichoka si lazima izime. Ule upande wa volti 5 unaweza kupanda, na chipu za kumbukumbu zikaungua. Yangu ilisoma 5.1 kwenye mita, kiwango kinachokubalika. Hata hivyo niliiweka kabatini nikanunua nyingine, iliyotengenezwa miaka hii kwa ajili ya mashine hiyohiyo. Chipu za sauti na picha za kompyuta hii hazitoki tena kiwandani, na sikutaka kuzibahatisha.

Muuzaji aliniambia inafanya kazi, na ilifanya kweli, ila aliituma kwenye boksi lisilo na chochote cha kuikinga, na vitufe vitatu vilikuwa vinakwama. Vitufe vilipona kwa spiriti na pamba. Plastiki imegeuka manjano, kama plastiki nyingi za enzi hizo. Kuna wanaoirudishia rangi kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Yangu nimeiacha ilivyo, naipenda hivyo.

Ukifungua skrubu tatu za chini utakutana na historia yenyewe. Chipu zake zimepigwa tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ile ya sauti, inayoitwa SID, kwangu imeandikwa 4383: wiki ya 43 ya mwaka 1983. Aliyeibuni ni Bob Yannes, alipokuwa MOS Technology, kiwanda cha chipu ambacho Commodore ilikuwa imekwisha kukinunua. Ina sauti tatu zinazoweza kulia kwa pamoja, na kichujio cha kuzilainisha au kuzikwaruza. Yannes baadaye alishiriki kuanzisha Ensoniq, kampuni ya vinanda vya elektroniki, na ukiisikiliza SID kupitia spika nzuri hushangai hata kidogo.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni hesabu moja ya kwenye skrini. Mashine inajitangaza kuwa na kilobaiti 64, yaani baiti 65,536, halafu palepale inasema zilizo huru kwa BASIC ni 38,911. Zilizobaki ziko wapi? Swali hilo lilinichukua wiki mbili, na ndilo lililonifanya niipende kompyuta hii. Prosesa yake, 6510, inaweza kuhesabu anwani 65,536 tu, yaani namba za mahali pa kusoma na kuandika, baiti moja kila mahali. Lakini lugha ya BASIC nayo inahitaji anwani, vilevile programu ya msingi inayosoma kibodi na kaseti, vilevile chipu za picha na sauti. Kwa hiyo vitu hivyo vimelazwa juu ya kumbukumbu, kama mkeka juu ya mkeka. Kumbukumbu iliyofunikwa ipo palepale chini, na programu ikibadili thamani katika anwani ya 1, mkeka wa juu unaondoka.

Kuanzia hapo nikaona kila kitu ni anwani. Andika POKE 53280,2, yaani weka thamani 2 kwenye anwani 53280, na ukingo wa skrini unageuka mwekundu, kwa sababu namba hiyo ndiyo mlango wa rangi ya ukingo. BASIC yake haina amri za kuchora wala za kupiga muziki, kasoro kubwa kwa mashine yenye uwezo huu, na inabidi ukariri milango hiyo. Mwanzoni inachosha. Lakini baada ya miezi michache nilikuwa na ramani ya kompyuta nzima kichwani, jambo ambalo kompyuta yangu ya kazini haitaniruhusu kamwe.

Kwa michezo pekee sikushauri. Kiigizi, programu inayoiga mashine hii kwenye kompyuta ya kisasa, kinatosha na hakiungui. Inunue ukitaka kuielewa. Picha naipata kwa kebo inayoingia kwenye soketi ya njano ya runinga, na inaonekana safi.

Na ukiweza, tafuta kinasa kaseti chake, cha kuhifadhia programu. Ni cha polepole mno, kwani kila kipande cha programu hurekodiwa mara mbili ili makosa yagundulike. Wakati wa kupakia skrini hufutika yote, maana chipu ya picha humwibia prosesa muda, na kusoma kaseti kunataka muda usioyumba. Unabaki na rangi tupu na mlio wa gurudumu linalozunguka. Jana nilipakia programu yangu ya kwanza, ya mistari 22, inayopiga noti za SID moja baada ya nyingine. Niliirekodi miezi kumi iliyopita. Nilikaa nikiitazama ile skrini tupu mpaka READY ikarudi, nikaandika RUN, ikalia.