Patasi na tindo: usiazimishe kazi

Fundi wa Tabora anayefunga mlango wa mninga huzihitaji zote mbili: patasi ya kuchimbia nafasi za bawaba na kitasa, tindo ya kutobolea ukuta.

Tofauti kubwa iko kwenye pembe ya makali. Patasi ya mbao laini kama paini hunolewa kwa nyuzi 25. Mninga ni mgumu zaidi, kwa hiyo mpe nyuzi 30, makali yatadumu. Tindo ya kukatia chuma hufika nyuzi 60 hivi, kwa sababu makali membamba yangemeguka.

Patasi ndiyo inayodai malezi. Noa kwenye jiwe lenye maji au mafuta, na upande wa nyuma ubaki bapa kabisa. Hapo ndipo wengi huiharibu. Ukitumia mashine, ichovye majini kila mara: ncha ikigeuka buluu, ugumu wake umepotea. Mpini wa mti ugongwe kwa nyundo ya mti.

Tindo huvumilia mengi. Ila kichwa kikichanua, kisage mara moja, maana vipande vyake huruka hadi machoni. Vaa miwani.

Fedha ikitosha moja nzuri tu, nunua patasi nzuri.